Fedha Halali

Noti ni karatasi inayopita mikononi mwa watu wote na kusomwa na wachache. Tunatazama rangi, tunatazama tarakimu, na tukiitilia shaka tunaiinua kwenye mwanga kutafuta picha iliyojificha. Maneno tunayaruka. Ukitulia na noti ya Tanzania kwa dakika moja, utaona kwamba ina maneno machache kuliko tiketi ya basi. Kuna jina la Benki Kuu, kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu na kwa herufi, saini ya Waziri wa Fedha, saini ya Gavana, na tamko kwamba hii ni fedha halali kwa kiasi hicho. Basi. Haikuahidi kitu. Haisemi kuna dhahabu mahali fulani inayokungoja, wala haisemi utapewa nini ukiirudisha ilikotoka. Inajitangaza tu kuwa halali, kama mtu anayeingia msibani na kusema yeye ni ndugu wa marehemu.

Nilianza kuyasoma maneno hayo mwaka 2025, kwa sababu ya deni la shilingi elfu sita lililokopwa kabla sijazaliwa.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Pangani mwezi Mei mwaka huo. Kwetu, kabla jeneza halijaondoka, ndugu mmoja husimama na kuwaambia watu: kama kuna anayemdai marehemu, aje kwetu, tutalipa. Mjomba alisimama, akasema, na hakuna aliyejitokeza. Tulirudi makaburini tukiwa na faraja ya watu waliofiwa na mtu asiyedaiwa. Siku ya nne, matanga yalipokwisha, Mama na shangazi zake walifungua sanduku la Bibi kugawa kanga zake. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga kilichofungwa fundo, walikuta noti thelathini za shilingi mia mbili. Mbele zina picha ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nyuma zina wavuvi. Pamoja nazo kulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Jina la mwanamke, kisha: 6,000, 1989.

Mama alilisoma jina lile akakaa chini.

Hadithi aliyotusimulia ndiyo hii. Mwaka 1989 alikuwa na umri wa miaka 14. Usiku mmoja tumbo lilimshika, na kulipokucha alikuwa hawezi kusimama. Mganga wa zahanati alisema apelekwe Tanga mara moja, akapasuliwe. Babu alikuwa baharini. Bibi hakuwa na kitu ndani. Alikwenda kwa jirani, mwanamke mshonaji, ambaye wakati ule alikuwa akidunduliza anunue cherehani ya pili. Mshonaji alifungua kopo, akahesabu shilingi elfu sita, akampa. Hakuandika popote. Gari la kukodi, dawa, chakula cha siku tisa hospitalini, nauli ya kurudi, vyote vilitoka kwenye kopo lile. Mama alipona. Kwa hesabu nyingine yoyote isiyo ya benki, hata mimi nilitoka kwenye kopo lile.

Bibi alichukua zaidi ya mwaka kuzipata fedha za kurudisha. Zilipotimia, mshonaji alikuwa ameondoka. Mwanawe wa kiume alikuwa amepata kazi Mombasa, akamchukua. Bibi alizifunga zile noti katika kanga akaziweka. Kila aliyesikia anakwenda Mombasa alimuulizia. Mama alikumbuka njaa moja ya miaka ya tisini, walipokunywa uji wa muhogo mchana na usiku, na leo tu ndipo alipojua kwamba siku zile zote kulikuwa na shilingi elfu sita chini ya sanduku. Bibi hakuzigusa. Hazikuwa zake.

Ila noti zile zilikuwa zimekufa kabla yake. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba inaziondoa kwenye mzunguko noti za zamani: za shilingi 20, 200, 500, 1000, 2000, 5000 na 10000 za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Waliokuwa nazo walipewa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025 kuzipeleka katika ofisi za Benki Kuu au benki za biashara na kupewa thamani ileile kwa noti za sasa. Katika miezi hiyo mitatu Bibi alikuwa kitandani, macho yamekwisha nguvu, na hakuna kati yetu aliyejua habari za fundo lile. Tarehe 5 Aprili ilipopita, kilichobaki kwenye kanga kilikuwa picha thelathini za Mzee Mwinyi, ambaye naye alikuwa amefariki Februari ya mwaka uliotangulia.

Mjomba alizipeleka benki hata hivyo. Kijana wa dirishani alizishika kwa heshima, akazigeuza, akazirudisha. "Hizi sasa ni kumbukumbu tu, mzee."

Jioni hiyo ndipo mabishano yalipoanza, na kwangu mimi yalikuwa somo la uchumi kuliko lolote nililowahi kukaa darasani kulisikiliza. Mjomba alisema Bibi aliacha amana, na amana hurudishwa kama ilivyo, kwa hiyo zipelekwe noti zilezile thelathini, basi. Binamu yangu, ambaye ameajiriwa katika hesabu, alisema noti zile si kitu tena, zilipwe shilingi elfu sita za leo. Mama akamuuliza: elfu sita za leo zinanunua nini? Tulijua sote. Zinanunua sahani mbili za wali kwa mama ntilie, na ukichagua samaki mkubwa hazitoshi. Kwa elfu sita hizohizo, mwaka 1989, alipata maisha. Akasema hawezi kumlipa mtu aliyempa maisha yake kwa sahani mbili za wali.

Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na jibu lake juu ya swali moja: fedha ni nini hasa? Ni karatasi yenyewe, ni namba iliyoandikwa juu yake, au ni kile ilichoweza kununua?

Nilikwenda kusoma. Nilidhani ningekuta jibu limeandikwa kwenye noti za mataifa makubwa, na kweli noti za Uingereza zinasema zaidi kuliko zetu. Juu ya kila noti ya Benki Kuu ya Uingereza kuna ahadi iliyotiwa saini kwamba mwenye kuileta atalipwa, akidai, kiasi kilichotajwa. Zamani ahadi hiyo ilikuwa na kitu nyuma yake. Ungeweza kupeleka karatasi ukapewa dhahabu. Uingereza ilijitoa katika utaratibu wa dhahabu mwaka 1931, na maneno yakabaki palepale. Leo ukiwaendea na noti ya pauni kumi ukadai walichoahidi, watakupa noti nyingine ya pauni kumi. Ni ahadi inayozunguka ikajirudia yenyewe. Kwa maana hiyo noti yetu ni ya kweli zaidi, kwa kuwa haikuahidi.

Zimbabwe nayo iliandika ahadi kama hiyo. Noti yake ya dola trilioni mia moja, ya wakati ule mfumuko wa bei ulipofikia kilele, inaahidi kumlipa mwenye kuileta dola trilioni mia moja. Mwaka 2015 nchi hiyo ilipoifuta sarafu yake rasmi, aliyekuwa na akaunti yenye hadi kwadrilioni 175 alilipwa dola tano za Marekani. Kwadrilioni ni trilioni elfu moja. Saini ya gavana ilikuwepo, ahadi ilikuwepo, na tarakimu zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote.

Wala huhitaji kwenda mbali na Pangani kukuta ahadi iliyofiwa na mwenyewe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Uingereza zilipoziba njia ya bahari, serikali ya Wajerumani katika Afrika Mashariki iliishiwa noti kutoka kwao. Benki yake ikaanza kuchapa noti za muda za rupia hapahapa nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Zilisema kwamba benki italipa katika madawati yake, ndani ya koloni, kwa yeyote atakayeileta noti, bila kumuuliza yeye ni nani. Mwaka 1916 Waingereza waliichukua Tanga, wakaichukua Pangani, reli na miji ikafuata. Jeshi la Wajerumani lilirudi nyuma kuelekea kusini, likiendelea kutoa noti porini, nyingine zikipigwa kwa herufi za muhuri za mchezo wa watoto. Wapagazi na wauza vyakula walipokea karatasi iliyosema italipwa katika madawati ambayo hayakuwepo tena. Mwaka huohuo wa 1916, huko Tabora, Wajerumani hao walikuwa wakifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo zote mbili hutafutwa na wakusanyaji. Ila mwaka 1917, ungekuwa na magunia ya mtama, ungejua ipi ya kupokea.

Hapo nilikaribia kusema kwamba kinachoifanya noti iwe fedha ni serikali iliyosimama nyuma yake. Kisha nikasoma habari za Somalia. Serikali ya Siad Barre ilianguka mwaka 1991, na Benki Kuu ikaanguka nayo. Hakukuwa na gavana, hakukuwa na waziri, hakukuwa na wa kutamka lipi ni halali. Shilingi ya Somalia iliendelea kununua nyanya, ndizi na vocha. Wafanyabiashara na wakubwa wa maeneo waliagiza noti zao wenyewe zichapwe, na watu wakazipokea. Mwaka 2017 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba takriban asilimia 98 ya fedha za nchi hiyo zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa bandia. Karibu zote. Na bado mwenye duka alikuwa akirudisha chenji.

Kwa hiyo serikali inaweza kuwepo na noti ikafa, na serikali inaweza kufa na noti ikaishi. Kinachobaki ni kitu kidogo ambacho hakichapwi. Ninaipokea noti kwa sababu ninaamini kuna mtu wa baada yangu atakayeipokea. Yeye ananiamini mimi na wa baada yake. Serikali inaingia katika mnyororo huo kwa nguvu mbili. Kwanza inakubali karatasi hiyo kwa kodi na ada zake, kwa hiyo daima kuna dirisha moja linaloipokea. Pili inaweza, kwa tangazo moja, kuwaambia watu wote siku moja wasiipokee tena. Na siku hiyo ikifika, anayebaki nayo mkononi ni yule aliye mwisho wa mnyororo: asiye na redio, asiyeona vizuri, aliyeweka chini ya sanduku kwa ajili ya mtu mwingine.

Kitu cha pili nilichojifunza kilinirudisha kwenye mabishano yetu. Maneno "fedha halali", katika sheria za nchi nyingi zilizofuata mfumo wa Kiingereza, hayahusu zaidi kununua. Yanahusu deni. Maana yake ni kwamba nikikudai, nawe ukaniletea kiasi kamili kwa fedha halali, siwezi kwenda mahakamani kudai kwamba hukunilipa. Ndiyo maana noti zinazotolewa na benki za Scotland, ambazo kisheria si fedha halali hata huko Scotland kwenyewe, bado zinanunua mkate kila siku; muuzaji na mnunuzi wamekubaliana, yatosha. Noti ya dola ya Marekani inasema waziwazi kwamba ni halali kwa madeni yote, ya umma na ya watu binafsi. Kumbe wachapaji wa noti tangu zamani walikuwa wakimfikiria mtu kama Bibi. Hawakuwa wakimfikiria anayekwenda sokoni. Walimfikiria anayedaiwa.

Lakini sisi watu wa pwani tuna neno halali lingine, ambalo halikutoka kwa gavana. Kitu halali ni kile ambacho ukikila hakitakukaa kooni. Tulikwenda kwa Maalim aliyenisomesha mimi na Mama kabla yangu, tukamweleza.

Maalim alicheka kidogo, akasema swali letu ni la zamani kuliko karatasi. Imam Shafi'i, katika kitabu chake al-Umm, tayari alikwisha kulizungumzia: mtu akikopesha sarafu, kisha mtawala akazifuta, mkopeshaji hana haki ila ya kurudishiwa mfano wa alichokopesha. Mjomba alinitazama kwa macho ya ushindi. Maalim akamwambia asubiri. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona vingine: sarafu ikiachwa kutumika, italipwa thamani yake ya siku ya mkopo. Muhammad al-Shaybani, mwanafunzi mwingine wa bwana huyohuyo, akasema thamani ya siku ya mwisho iliyotumika. Na zama zetu, wanachuoni wa Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu walikutana Kuwait mwaka 1988, karatasi zikiwa zinaporomoka kila upande, wakaamua kwamba deni hulipwa kwa kiasi kilekile kilichokopwa na halipandishwi kwa kufuata bei. Mwaka mmoja tu baada ya uamuzi ule, mshonaji alifungua kopo lake.

"Kwa hiyo elfu sita," binamu yangu akasema.

"Deni ni elfu sita," Maalim alisema. "Elfu sita za leo, zinazopokelewa. Hakuna anayeweza kuwadai zaidi. Lakini mbora wenu ni yule aliye mbora wa kulipa. Mkiongeza kwa hiari yenu, bila sharti lililowekwa siku ya kukopa, hiyo si riba, hiyo ni ihsani." Kisha akamgeukia Mjomba. "Na zile noti nazo zipelekwe. Zilifungwa kwa jina la mtu."

Mama aliandaa bahasha tatu. Katika ya kwanza aliweka shilingi elfu sita. Katika ya pili aliweka laki nne, ambazo yeye na Mjomba walizipata kwa kukisia leo ingegharimu kiasi gani kukodi gari usiku kwenda Tanga, kununua dawa na kula siku tisa mjini. Katika ya tatu aliweka fundo la kanga kama lilivyokuwa. Kazi ya kumtafuta mshonaji ilichukua wiki tano za simu, kutoka kwa jamaa hadi kwa jamaa, hadi tukapata habari kwamba alifariki mwaka 2021, na kwamba binti yake anaishi Mji wa Kale, Mombasa. Mama hakuweza kusafiri kwa kuwa alikuwa bado anapokea wageni wa msiba. Nilikwenda mimi.

Pale mpakani, Horohoro, nilisimama na mabadilishano ya fedha yanayofanywa na vijana wenye mabunda mkononi. Nilimpa mmoja wao laki nne na elfu sita, akanipa noti za Kenya. Ile elfu sita peke yake ilikuwa kama shilingi mia tatu za Kenya. Hatua chache nyuma yangu zile noti zenye picha ya Mwalimu Nyerere zilikuwa fedha halali. Hatua chache mbele zilikuwa karatasi nzuri ambayo makondakta wa matatu wangeicheka. Kijana yule ndiye aliyekuwa daraja, naye hakutia saini popote. Kwenye basi nilizisoma noti nilizopewa. Zimeandikwa "Banki Kuu ya Kenya", kwa a, tofauti na benki yetu. Hazina uso wa mtu aliyechorwa peke yake, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza. Kuna jengo la mikutano la Nairobi, na mbele yake sanamu ya Jomo Kenyatta, ambayo ilipelekwa mahakamani na ikabaki.

Binti wa mshonaji ni mtu mzima, mwenye wajukuu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikalisha kwenye mkeka, akaleta mahamri na chai ya maziwa kabla hajaniuliza lolote. Nilimweleza kutoka mwanzo. Aliponiona nafungua fundo, alizichukua zile noti akazihesabu moja moja, akilowesha kidole, mpaka thelathini.

"Zimetimia," akasema.

Nikamwambia hazitumiki tena, tangu Aprili. Akasema anajua mambo hayo. Mwaka 2019, tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka, Gavana wa Banki Kuu yao alitangaza kwamba noti za zamani za elfu moja zitakufa ifikapo tarehe 1 Oktoba. Kulikuwa na fedha chafu na noti bandia, walisema, na hii ndiyo dawa. Mama yake alikuwa hai bado. Walimhamisha kitandani, wakageuza godoro, wakafungua kila mkoba na kila mto, wakapata noti kumi na moja ambazo bibi kizee aliapa hazijui. "Akatwambia tumemwibia sitara yake," alisema, akacheka. Nilikuwa nimesoma hesabu ya mwisho ya zoezi lile. Noti 7,386,000 hazikurudi, zenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni saba. Waliotangaza waliamini nyingi zilikuwa za watu waliogopa kuulizwa walikozipata. Huenda. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kwenye nyumba yenye fundo la kanga, na sikuweza kuacha kufikiri ni ngapi kati ya hizo zilifungwa kwa jina la mtu.

Nilimkabidhi bahasha mbili zilizobaki na kumweleza ipi ni deni na ipi ni zawadi. Alizishika bila kuzifungua. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Mamangu hakutwambia hata siku moja kuwa amdai mtu Pangani. Alikuwa na daftari, kila aliyemshonea bila kulipa ameandikwa. Nyanyako hamo." Alinyamaza. "Lakini alikuwa akimtaja. Akisema, nilimwacha shoga yangu huko Mrima, na mtoto wake mgonjwa, sikupata kujua kama alipona."

Akanitazama.

"Yule mtoto alipona?"

Nikamwambia ndiye mama yangu.

Alilia, nami nikalia, na chai ikapoa. Baadaye tulimpigia Mama simu, wakazungumza kwa muda mrefu, watu wawili ambao walicheza pamoja wakiwa wadogo na sasa wanaitana mwenzangu kwa sauti za bibi zao. Walipomaliza nilimuuliza, kwa kuwa Mama alinisisitiza nisirudi bila jibu: je, deni limekwisha? Akasema kwa upande wa mama yake halikuwahi kuwepo. Lakini akasema pia kwamba Bibi alilibeba miaka thelathini na sita, na si haki kumwambia mtu kwamba alibeba kitu kisichokuwepo. Kwa hiyo atalipokea. Shilingi mia tatu za Kenya alizipokea kama deni. Bahasha ya pili aliipokea kama zawadi, na palepale akatoa sehemu akamtuma mjukuu wake aipeleke msikitini kwa ajili ya marehemu wote wawili. Noti thelathini alizifunga tena katika kipande kilekile cha kanga na kuziweka kabatini.

Kisha akaomba kile kikaratasi cha penseli. Chini ya mwandiko wa Bibi aliandika kwa kalamu ya wino: Nimepokea. Akaweka tarehe, akatia saini kwa niaba ya mama yake, akanirudishia nikampe Mama.